Mlima ulio nyuma ya nyumba nao ni jangwa

Katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona nchini Marekani, watu hufa kwa joto na kiu huku wakiona paa za nyumba. Wanaona mabwawa ya kuogelea, maegesho ya maduka makubwa na ndege zikitua uwanja wa Sky Harbor. Simu mkononi ina mtandao. Jambo hili limenisumbua tangu nilipohamia bonde hili, maana linapingana na picha ya jangwa tuliyolelewa nayo, ile ya nchi tupu isiyo na mwisho na msafara wa ngamia unaotafuta kisima. Hapa jangwa linaanza pale ukuta wa uani wa nyumba ya mwisho unapoishia. Ukaribu huo ndio unaowaponza watu.

Naandika nikiwa mtu anayeipenda milima hii na anayeipanda peke yake, wala sikusudii kumtisha yeyote abaki ndani. Hoja yangu ni kwamba mji umetenda haki kuzifunga baadhi ya njia za milimani saa za joto kali, na kwamba sisi tunaokwenda bila mwenzi ndio tuliopaswa kuwa wa kwanza kuunga mkono uamuzi huo.

Kwanza mahali penyewe. Kusini mwa Phoenix kuna safu ya milima ya mawe iitwayo South Mountain, na imezungukwa na mji karibu pande zote. Mwaka 1924, Phoenix ikiwa bado mji mdogo, ilinunua ekari 13,000 za milima hiyo kutoka serikali kuu kwa dola 17,000. Leo hifadhi hiyo ina zaidi ya ekari 16,000 na ni miongoni mwa hifadhi kubwa kabisa zinazomilikiwa na mji nchini Marekani. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo wa uchumi, serikali ya Rais Roosevelt iliajiri vijana waliokosa kazi, na vijana hao wakachonga njia, wakajenga ngazi na vibanda vya mawe. Kibanda chao cha Dobbins Lookout, chenye madirisha yasiyo na vioo yanayotazama mji mzima, bado kinawapa watu kivuli. Kuingia ni bure. Mtu wa kupiga deki hotelini na mwenye hoteli wote wanapita lango lilelile, na kwangu mimi hili ni moja ya mambo bora ambayo mji huu umewahi kuyafanya. Viongozi waliotoa zile dola 17,000 waliwanunulia watu ambao hawajazaliwa.

Lakini walionunua hawakuwa wa kwanza. Watu wa kabila la Akimel O'odham, ambao ardhi yao waliyobakiziwa iko upande wa pili wa safu, wanauita mlima huu Muhadagi Do'ag na kwao ni mahali patakatifu. Kabla yao waliishi Wahohokam, waliochimba mamia ya kilomita za mifereji ya kumwagilia bondeni na kuchora kwa kugonga jiwe juu ya jiwe. Barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2019 ilipasua vigongo vya upande wa kusini-magharibi, baada ya Akimel O'odham wa jamii ya Gila River kuipinga mpaka mahakamani na kushindwa. Naliandika hili kwa uchungu. Ukitembea upande ule, mngurumo wa malori unakufuata hadi juu kabisa.

Njia ninayoipenda inaanzia Ahwatukee, kitongoji cha nyumba za rangi ya udongo zilizojipanga chini ya mlima. Inaitwa Telegraph Pass, kwa kuwa mwaka 1873 jeshi lilipitisha waya wa telegrafu kwenye uwazi ule kati ya vilele. Mita mia kadhaa za mwanzo zina sakafu, na hapo utakutana na akina mama wanaosukuma vigari vya watoto na wazee wanaonyoosha miguu. Sakafu inapokwisha, mlima unaanza. Karibu na hapo, ukigeuza macho kwenye majabali, utaona michoro ya Wahohokam: mizunguko, watu, wanyama wenye pembe. Jiwe la jangwani hujivika kwa maelfu ya miaka utando mweusi wa madini ya chuma na manganizi. Wachoraji waliugonga utando huo hadi jiwe jeupe la ndani likatokeza. Ndiyo maana hairuhusiwi kuigusa michoro, kwa kuwa mafuta ya vidole vyetu yanaiharibu.

Nilipanda Machi, asubuhi, na vichaka vya brittlebush vilikuwa vimefunika miteremko kwa maua ya manjano. Kwenye ufa wa jabali alijianika chuckwalla, mjusi mnene wa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Nilipokaribia alijisukuma ndani ya ufa, akavuta pumzi akavimba, ngozi yake ikabana mwamba pande zote mbili. Hakuna mwewe awezaye kumtoa humo. Nilikaa nikamtazama kwa muda mrefu, na hakuna mwenzi aliyekuwa ananiharakisha. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kwenda peke yangu, na sioni haja ya kuitetea kwa maneno marefu. Mtu akiwa peke yake huona.

Miti ya huku inafundisha kitu ambacho mgeni anatakiwa kukijua kabla hajafunga viatu. Dungusi mkubwa aitwaye saguaro huota chini ya kivuli cha mti mwingine, hukua polepole mno, na mara nyingi hupita miaka 50 au 75 kabla hajatoa mkono wake wa kwanza. Ngozi yake ina mikunjo inayotanuka mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi. Mti uitwao palo verde umeacha karibu kabisa kutegemea majani, ukatengeneza chakula chake kwa gome la kijani. Kila kiumbe hapa kimejenga mwili wake wote kuzunguka shida ya maji, na hakuna hata kimoja kinachompa binadamu kivuli cha kutosha. Kivuli cha saguaro kinamtosha mtu mmoja aliyesimama wima, tena kwa dakika chache kabla jua halijasogea.

Kuna dungusi mwingine, cholla, ambaye vipande vyake hukatika kwa kuguswa kidogo na kung'ang'ania nguo, kiatu au nyama. Miiba yake ina vinyweleo vinavyotazama nyuma, hivyo kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi kukamata. Ukitumia mkono wa kulia kuutoa wa kushoto, utanaswa yote miwili. Dawa yake ni chanuo. Unapitisha meno ya chanuo kati ya ngozi na kile kipande, unakirusha mbali kwa mkupuo mmoja, kisha unang'oa miiba iliyobaki kwa kibanio. Aliye na mwenzi huomba msaada. Aliye peke yake lazima awe na chanuo begini.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, ingawa wengi hawaamini. Mwamba wa huku humeguka kuwa changarawe ndogo ndogo, na changarawe zikikaa juu ya jabali tambarare unakuwa kama unatembea juu ya gololi. Kifundo cha mguu hupinda wakati umeshachoka, maji yamepungua na jua limepanda. Yule ambaye asubuhi alipita hapo kwa dakika 40 sasa atahitaji saa nzima au mbili, na saa hizo mbili ndizo hatari yenyewe. Jangwani umbali haupimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa maji yaliyobaki na saa ya jua.

Hapa sisi watu wa Pwani tuna udhaifu wetu. Mimi nimekulia Tanga. Joto la kwetu ni la unyevu, ukifanya kazi shati linalowa, jasho linaingia machoni, na mwili wenyewe unakuambia kaa chini unywe. Joto la Phoenix ni kavu, na jasho hukauka kabla hujalihisi. Unajipapasa shingo, kavu. Unadhani hujatoka jasho, kumbe mtu anayepanda mlima kwenye joto anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa, hata zaidi. Kiu huchelewa kufika. Vikifika kichefuchefu, maumivu ya kichwa na maamuzi ya ajabu, umeshachelewa nusu safari. Ndugu zetu waliotoka Bukavu na Goma huko Kongo, kwenye baridi na mvua za milima ya Kivu, wana mtihani mkubwa zaidi, kwa kuwa wao mlima wanaujua vizuri sana. Wamepanda vilima tangu utotoni na mizigo kichwani. Miguu yao ina nguvu ya kuwafikisha mahali ambapo joto hili litawazidi.

Wastani wa joto la Phoenix mwezi Julai 2023, mchana na usiku pamoja, ulipita nyuzi 39 za Selsiasi. Kwa siku 31 mfululizo joto la mchana lilifika nyuzi 43 au zaidi. Usiku 16 mfululizo halikushuka chini ya nyuzi 32, kwa hiyo hata anayeamka alfajiri hukuta mwamba haujapoa. Mwaka huo wilaya ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Wengi wa waliokufa hawakuwa wapanda milima. Walikuwa watu wasio na makazi, wazee, watu ambao kiyoyozi kiliharibika au hawakuwa nacho. Nasisitiza hilo ili msomaji asidhani tatizo la joto la Phoenix ni la watalii wenye viatu vya gharama. Lakini takwimu hiyo inasema jambo moja kwa anayetaka kwenda mlimani Julai: joto linaloua mtu aliyekaa chumbani litamfanya nini anayepanda ngazi za mawe?

Mji ulichelewa kulijibu swali hilo. Mwaka 2016 Phoenix ilipiga marufuku mbwa kwenye njia za milimani joto likifika nyuzi 38. Ilikuwa sheria nzuri, maana mbwa hana uwezo wa kukataa. Kwa binadamu, hatua ilikuja mwaka 2021, baada ya zimamoto kadhaa kuugua wenyewe kwa joto wakiwa katika kazi ya kuokoa watu mlimani, na chama chao kikasema imetosha. Hapo ndipo njia za milima ya Camelback na Piestewa Peak, zinazopendwa sana na zilizo katikati ya mitaa ya makazi, zikaanza kufungwa kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 11 jioni katika siku ambazo idara ya hali ya hewa imetangaza tahadhari ya joto kali. Baadaye saa ya kufunga ikarudishwa nyuma zaidi, na baadhi ya njia za South Mountain nazo zikaingizwa.

Wanaopinga wana hoja, na ni haki kuisikiliza. Wanasema mlima ni mali ya umma, mtu mzima ana haki ya kuhatarisha maisha yake, na serikali ikianza kufunga njia kwa sababu ya joto itaishia kuzifunga kwa sababu ya mvua, upepo na giza. Wapo wenyeji waliozoea joto, wanaopanda kila siku na hawajawahi kuita mtu. Naielewa hoja hii kwa moyo wote, kwa kuwa mimi mwenyewe huenda mlimani kuwa mbali na amri za watu.

Lakini hakuna anayekufa mlimani peke yake, hata akipanda peke yake. Simu ikipigwa, watu hutoka. Zimamoto hawachagui saa. Wanapanda saa 8 mchana wakiwa na machela yenye gurudumu moja, maji na vifaa vya tiba, juu ya mawe ambayo mkono wazi hauwezi kuyashika. Mara nyingine helikopta humnyanyua mgonjwa, na mara nyingine upepo hauruhusu, ikabidi watu wabebane hatua kwa hatua. Uhuru wa mpandaji hapo umeshahamia mgongoni kwa kijana mwingine ambaye hakuuchagua. Mbali na hilo, mji haukuufunga mlima. Umefunga baadhi ya njia kwa saa za mchana za siku zenye tahadhari ya joto kali, ukaacha alfajiri na miezi yote mizuri. Katika mizani yangu hiyo ni bei ndogo sana.

Pendekezo ambalo silikubali ni la kuwatoza waliookolewa. Arizona ina sheria inayomtoza dereva anayekiuka kizuizi na kuingiza gari kwenye barabara iliyofurika, akahitaji kuokolewa, na kuna wanaotaka iwe hivyo hivyo kwa wapanda milima. Zimamoto wa Phoenix hawatozi chochote kwa uokoaji wa mlimani, na waendelee hivyo. Mtu anayeogopa bili hachukui simu mapema. Anakaa kwenye jiwe akijipa moyo kwamba atashuka mwenyewe, na saa moja baadaye ni kazi ya helikopta. Mhamiaji mgeni, aliyekwisha kusikia habari za bili za hospitali za Marekani, ndiye angechelewa kuliko wote. Bora kuzuia kwa lango lililofungwa kuliko kuadhibu kwa ankara.

Nirudi kwenye upweke, maana najua wasomaji wengi wameshajiuliza kwa nini mtu aende peke yake hata kidogo. Jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu, alinikuta nikipakia maji kwenye gari.

"Papa, unaenda peke yako kule juu?"

"Ndiyo, mama. Nitarudi saa 7."

"Na kama unaanguka, ni nani atatuambia?"

Nimesoma miongozo mingi ya usalama milimani, yenye kurasa na michoro, na kiini chake chote kimo katika swali la mama yule. Kuna tofauti kubwa kati ya kutembea peke yako na kutoweka. Anayetembea peke yake vizuri ameacha nyuma mtu anayejua ameingia lango gani, anafuata njia ipi na atarudi saa ngapi, na mtu huyo ameahidi kupiga simu saa hiyo ikipita. Siku ile nilimwambia mama jina la njia, nikamwonyesha kwenye ramani ya simu, tukakubaliana. Alikaa na simu yake mkononi kama mtu aliyepewa kazi, na aliifanya.

Kumwachia mtu taarifa ndiyo nguzo ya kwanza. Nguzo ya pili ni maji. Nilibeba lita 3, na lita moja na nusu zilipokwisha niligeuza, ingawa kigongo kilichofuata kilikuwa karibu na kilinivuta sana. Wenye uzoefu wa huku wote husema hivyo: nusu ya maji ikiisha, safari ya kwenda imeisha, popote ulipo. Ukiwa na wenzako mnaweza kujadiliana, mkashawishiana, mkaongezana dakika kumi. Peke yako hakuna mjadala, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalomfanya mtembea pekee mwenye nidhamu awe salama kuliko kundi lililochangamka. Ongeza karanga za chumvi, maana maji matupu kwa wingi bila chumvi nayo huangusha mtu. Ongeza kofia pana, tochi hata kama ni asubuhi, na simu yenye chaji kamili.

Nimeshangazwa na jinsi ninavyowaona Waswahili wachache kwenye njia hizi. Phoenix ina jamii kubwa ya Wakongomani waliokuja kama wakimbizi, na Kiswahili unakisikia madukani, makanisani na kwenye ofisi za misaada. Wengi wanafanya kazi mbili, na siku ya mapumziko ni ya usingizi na ibada. Wengine wameniambia walidhani mlima unalipiwa, au ni wa wenye nyumba za pale chini. Si wa wenye nyumba hao. Ni wa mji, na wahamiaji hawa ni watu wa mji. Watoto waliozaliwa kambini, wakakulia kwenye vyumba vya ghorofa pembeni mwa barabara ya njia nane, wanastahili kumwona chuckwalla akivimba kwenye ufa wa jabali.

Ndiyo maana ninawaomba viongozi wa makanisa na misikiti yetu hapa Phoenix walichukue jambo hili. Tangu 2025 treni ya mjini inafika hadi Baseline, kilomita chache kutoka lango la South Mountain la barabara ya Central, na magari machache ya waumini yanaweza kumalizia sehemu iliyobaki. Pangeni safari kati ya Novemba na Machi, asubuhi, mwanzo kwa pamoja mpaka watu wazijue njia, kisha atakayependa aende mwenyewe. Kwa uongozi wa mji nina ombi moja: chapisheni tahadhari za joto, saa za kufunga njia na taarifa kwamba uokoaji hautozwi, kwa Kiswahili, zibandikwe kwenye malango na zigawiwe kwenye ofisi zinazopokea wakimbizi, kabla ya Mei, mwezi ambao joto la nyuzi 38 huanza kuwa la kawaida.